Karatasi Isiyong'aa

Jumatatu, 10 Machi

Kama kuna mtu mwenye bahati kunizidi mimi hapa Msimbazi, basi bado hajazaliwa, na akizaliwa atakuja kwangu kuomba ushauri. Leo bahati imepanda ngazi kwa miguu yake. Mama mmoja anaitwa Scholastika, kwao Songea, anauza mchele na maharage Buguruni, kazipita studio zote za Kariakoo zenye taa na viyoyozi, kaja kugonga mlango wangu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitenge. Anataka picha ya maji. Nyeusi na nyeupe, ya kuoshwa kwa dawa kwenye chumba cha giza, siyo ya kompyuta. Bongo nzima wamebaki wangapi wa kazi hiyo? Nipo mimi, Melkiori wa glosi, picha zinazometa, niliyefika Nairobi, Lusaka na Dubai. Dubai niliishia uwanja wa ndege, lakini uwanja wenyewe unaimeza Moshi yote na chenji inabaki.

Picha ni ya kaka yake, Wilbert, marehemu, alikuwa mchukuzi wa mizigo hapa sokoni. Ile waliyokuwa nayo ukutani ilikwenda na mafuriko. Imebaki negativu tu. Vijana wa kompyuta walishamtengeneza, wakamsafisha ngozi mpaka mama yake mzazi, Bibi Severa, akauliza, "Huyu mliyempaka unga ni nani?"

Bibi yupo Dar kwa ajili ya misa ya kumbukumbu, sikukuu ya Muungano. Masika yakiisha anarudi Songea, na kwa umri ule hatarudi tena huku. Anataka kuondoka na uso wa mwanawe. Basi. Scholastika alikuwa ananieleza pia habari za macho ya mama yake, nikamwambia dada, ondoa shaka, umefika. Nikamsimulia ya Dubai.

Daftari hili kanipa binti yangu Vicky. Kasema, "Baba, uwe unaandika, utupumzishe masikio."

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Chumba cha giza kinavuja, lakini kwenye kona isiyo na kazi. Bahati ile ile.

Jumanne, 18 Machi

Leo niandike suala la karatasi, maana Vicky hajui na wajukuu hawatajua kabisa.

Karatasi ya picha ina sura yake kabla hujaiwekea sura ya mtu. Ipo ya glosi, inameta kama kiatu cha bwana harusi. Weusi wake unazama, ukiangalia nywele unazihesabu moja moja. Ipo ya mati, haimeti kabisa, ukiigusa ni kama ganda la yai. Weusi wake ni wa mkaa uliopoa. Halafu ipo ya katikati, wenyewe tuliita lulu, hiyo ni ya watu wasiojua wanataka nini.

Mimi ni mtu wa glosi. Picha isiyong'aa ni kama harusi isiyo na muziki. Watu wanakuja, wanakula, wanaondoka, hakuna anayekumbuka.

Ni kweli pia kwamba kwenye friji yangu, chini ya soda, imo glosi tu. Lakini hata ingekuwemo mati nisingeigusa.

Scholastika alipita kuuliza maendeleo. Nilimpitisha mlango wa nyuma, kwenye ua wa mwenye bucha. Nikamwambia mbele kuna tope. Akasema, "Fundi, utachagua karatasi gani? Maana mama..." Nikamwambia, "Dada, hospitalini huwa unamchagulia daktari sindano?" Akacheka. Nina kipaji cha kuchekesha watu wanapotaka kusema jambo.

Jumanne, 25 Machi

Meku Elieshi kaninusa.

Huyu ndiye alinifundisha kazi. Mchaga mwenzangu, wa Marangu, mzee sasa, na Meku kwetu ndiyo mzee. Alikuwa na studio kubwa mtaa wa pili mpaka jengo lilipovunjwa likapanda ghorofa. Siku hizi kaweka meza chini ya ngazi yangu, anabadilisha betri za saa na kuwatukana vijana wanaovaa saa zisizotembea. Anajisikia, usimwone vile. Akisalimiwa na mtu aliyechomekea vibaya haitikii.

"Shikamoo Meku."

"Marahaba. Naisikia dawa, Melkiori. Una kazi ya giza."

"Kazi ndogo tu."

"Ya nani?"

"Mtu wa Songea. Bahati tu, Meku, imeniangukia."

Akaendelea kupuliza vumbi kwenye saa ya mtu. Kisha akasema, "Hongera. Na mimi ningepata moja. Moja tu, kabla mikono haijaanza kunicheka."

Nikamletea chai ya tangawizi na mihogo, nikamwambia leo umependeza. Akasema, "Mtu akinisifia shati hili ujue ana kesi."

Jumatano, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Napita ngazi za nyuma siku hizi. Ni karibu na choo.

Jumatano, 9 Aprili

Nimechapa. Shida imekuja kwenye kung'arisha. Picha ya glosi ukitaka imete sawasawa unailaza ikiwa mbichi, uso chini, kwenye bati lililosuguliwa, unapitisha rola kutoa maji, unaacha. Ikikauka inajibandua yenyewe, tak, inatoka kioo. Lakini masika hii hewa yenyewe ni maji. Nikasubiri, haijibandui. Nikachukua mashine ya Vicky ya kukaushia nywele. Nikavuta. Shavu la kushoto la Wilbert likabaki kwenye bati.

Nilikaa nalitazama lile shavu. Nikasema, samahani, ndugu.

Mtu mwingine angeshuka ngazi kumuuliza mwalimu wake. Ninaye pale pale chini. Sikushuka.

Ya pili nimeiacha siku nzima na dirisha wazi. Imetoka safi, inameta mpaka unaona pua yako. Kijana kasimama kavaa koti kubwa kidogo, kacheka upande mmoja.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimekula kwa Vicky. Nimejisifu sana. Kila mtu kasema hongera, nikaondoka kabla ya chai.

Jumamosi, 26 Aprili

Sitaki kuandika. Naandika.

Misa iliisha saa nne, tukaenda nyumbani kwa Scholastika, Buguruni, ua umefunikwa turubai, mvua inapiga juu mpaka watu wanaongea kwa kupaza sauti. Nilivaa suti. Picha niliibeba ndani ya mfuko mweusi kifuani, naingia nao kama nimebeba sakramenti.

Kwao picha ya marehemu haitundikwi kwanza. Inazunguka mkono kwa mkono, kila mmoja anampangusa uso kwa kiganja, kama unavyompangusa jasho mtu aliyetoka safari. Ndiyo maana haiwekewi kioo. Mama mzazi ndiye huanza. Akishamwona na kumpangusa, ndipo wengine wanafuata, na hapo ndipo kilio kinakwisha. Scholastika aliniambia haya yote mwezi wa tatu. Masikio yangu yalikuwa Dubai.

Kabla ya kuitoa nikatoa hotuba. Nilisema kuhusu weusi unaozama. Nilisema pale Nairobi waliniomba nibaki. Watu wakapiga makofi. Kisha nikampa Bibi Severa.

Bibi ni mdogo, kakaa mkekani, mgongo ukutani, mshumaa mbele yake na balbu juu. Akaishika picha kwa mikono miwili. Akaisogeza. Akaipeleka mbali. Akaigeuza upande, akaigeuza tena. Ndipo nikayaona macho yake vizuri kwa mara ya kwanza, yana ukungu kama dirisha la asubuhi. Mtoto wa jicho, yote mawili.

"Scholastika," akasema.

"Abee mama."

"Mbona mmeniletea kioo?"

"Siyo kioo, mama. Ni Wilbert."

"Naona mshumaa. Nikiinamisha naona taa. Nikiinua naona bibi kizee." Akacheka kidogo, kwa adabu, asimuudhi mgeni mwenye suti. "Huyu kizee namjua. Mwanangu yuko wapi?"

Mjomba mmoja akasogeza mshumaa. Mwingine akazima balbu, giza la mawingu likaingia, bibi akawa haoni kitu kabisa. Wakawasha. Akapangusa ile karatasi kwa kiganja, akapangusa tena, akidhani ina maji, na kila alipopangusa mafuta ya mkono wake yakabaki juu ya uso wa kijana, michirizi, mpaka na mimi mwenye macho mazima sikumwona Wilbert.

"Basi," akasema, "ipitisheni tu. Nyie mnaona."

Hakuna aliyeipokea. Haiwezekani wengine wampanguse kabla ya mama.

Mimi, Melkiori, ninayeweza kuchekesha msiba, nilichukua mfuko wangu mweusi nikatoka. Scholastika alinisindikiza mpaka barabarani, kaniegemezea mwavuli wake upande wangu, yeye analowa. Hakunigombeza. Kasema, "Nilijaribu kukuambia habari ya macho, fundi." Nikamwambia nitachapa nyingine kabla bibi hajaondoka. Kasema wamekata tiketi ya tarehe kumi na tatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Jinsi ya kuua mng'ao wa glosi, niliyoyajaribu leo: nimeikausha bila bati, imefifia nusu, nikisogeza mshumaa bado unarudi. Nimeipitisha kwenye mvuke wa sufuria, imejikunja kama chapati. Nimeisugua kwa unga wa ulezi. Nimeisugua kwa msasa laini, Wilbert kaota ndui. Vicky kaingia kakuta meza, kauliza, "Baba, unapika au unasafisha picha?" Sikumjibu, akashtuka. Hajazoea.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimezunguka Kariakoo yote kutafuta mati. Vijana wa madukani wananiletea karatasi za kompyuta. Mmoja kasema, "Mzee, hiyo mati si ipo kwenye simu? Unabonyeza tu." Mwenzake kamwambia muulizeni yule babu wa saa chini ya ngazi, hao ndio walikuwa na vitu vya kale.

Kila mtu ananielekeza chini ya ngazi yangu mwenyewe.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Sikwenda kanisani. Ningeenda, ningepita mbele yake.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshuka kwa ngazi za mbele.

"Shikamoo Meku."

"Marahaba. Kumbe upo. Nilidhani umehamia buchani, kila siku nakuona mgongo ukitokea kwenye ua wa nyama."

"Meku, una karatasi ya mati?"

Akaweka bisibisi chini. "Ya nini? Wewe si mtu wa viatu vya bwana harusi?"

Nikamweleza. Kuhusu bibi, macho, mshumaa, kioo. Nilieleza vibaya, lakini sikudanganya kitu kwenye hilo. Nilitarajia anicheke, anayo haki. Hakucheka.

"Macho yale yakikutana na kitu kinachong'aa hayaoni kingine," akasema. "Mati haigombani na taa. Inapokea tu. Utapoteza weusi kidogo, vumilia. Uso wa mtu mweusi siyo kiatu, Melkiori."

Kisha akachezea kamba ya saa. "Ninayo. Chache. Niliziweka za kwangu."

"Za kwako za nini?"

"Za jeneza, mbe! Unadhani nitakubali kutanguliwa mbele ya jeneza na picha ya kompyuta, nimepakwa unga? Negativu ipo, nimeshaichagua. Nilikuwa natafuta mtu wa kunichapa, nikasema Melkiori ataninyima kila kitu lakini hilo hataninyima."

Nikamwambia basi acha, Meku, nitatafuta kwingine. Akasema, "Kwingine wapi? Mimi bado napumua. Yule bibi anaondoka wiki ijayo." Akaanza kufunga meza yake. "Na nitakuja mwenyewe. Sitakupa karatasi zangu ukazikaushe kwa mashine ya nywele."

Sijui nani kamwambia. Nadhani Vicky.

Alhamisi, 8 Mei

Tumechapa asubuhi, umeme ulipotulia.

Niliogopa. Wiki zote hizi negativu ile niliificha machoni pake. Leo nimeiweka kwenye mashine mbele yake, na mikono yake ilikuwa imara kama meza. Kwenye taa nyekundu alionekana kijana. Alikata karatasi moja vipande kupima mwanga, akanikemea nilivyoshika koleo, akanitukana kwa Kichaga jinsi nilivyochanganya dawa. Nilifurahi kutukanwa. Kwa muda kidogo nilisahau.

Karatasi nzima ikaingia kwenye dawa. Kwanza koti, halafu shingo, halafu ule mcheko wa upande mmoja.

Meku akainama juu ya sinia. Akainama tena.

"Hili koti ni langu," akasema.

Nikalikazia macho lile koti.

"Huyu ni Wilbert. Alinibebea mashine zangu zote siku nahamia studio ile, peke yake, akakataa ujira, akasema, nipige picha nimpelekee mama. Hakuwa na koti. Nikamvua... nikajivua la kwangu nikamvalisha." Akaitikisa sinia taratibu, asije akachelewa. Hata hapo hakusahau kuitikisa. "Mama yake ndiye huyo bibi?"

"Ndiye."

"Na dada yake alipokuja na negativu yangu, hakuniulizia?"

Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Giza, mtu hanioni usoni, mwalimu wangu ananiuliza kwa upole.

"Hakutaja jina, Meku," nikasema.

"Haya," akasema. "Watu husahau."

Akaihamisha picha kwenye maji. Ilitoka nzuri. Siyo ya kung'aa. Uso umetulia kama ardhi baada ya mvua, weusi wake laini, na ukisogeza taa upande wowote kijana haondoki.

"Imebaki karatasi moja," akasema akinawa mikono. "Hiyo usiniharibie. Na Jumapili twende wote. Nataka nimwone mama wa koti langu."

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwambia Meku labda mvua itazuia. Kasema ana mwavuli.

Jumapili, 11 Mei

Mvua haikunyesha. Siku moja tu niliyoihitaji.

Tulifika Buguruni baada ya misa ya pili. Meku kavaa suti yake ya kahawia, kachomekea, picha kaibeba yeye. Bibi Severa alikuwa uani na jua linampiga usoni, wala hatukumsogeza. Meku akapiga goti moja kwa shida, akamwekea picha mikononi.

Bibi akaishika. Jua juu yake lote. Hakuigeuza. Hakuisogeza mbali. Akaileta karibu mpaka pua ikakaribia kugusa, akaanzia kwenye koti, akapanda polepole, akafika.

"Hee," akasema. "Bado anacheka upande."

Akampangusa. Paji la uso, mashavu, kidevu. Kiganja chake hakikuacha alama. Ndipo akalia, na Scholastika akalia, ikapokewa na mjomba, ikapokewa na watoto, ikazunguka ua mzima mpaka kwa jirani mfua nguo, naye akakausha mikono akampangusa. Ikafika kwangu. Nilimpangusa haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Bibi akauliza, "Fundi ni yupi nimshukuru?"

Nikafungua mdomo, Mungu ananijua, sijui kingetoka nini. Scholastika akaniwahi. Alikuwa anafuta machozi, uso umefunguka, ananitazama kwa wema.

"Mama, huyu Fundi Melkiori ndiye alitupokea. Unakumbuka ulinituma kwa Mzee Elieshi, aliyempiga Wilbert? Nilimuulizia pale juu, Fundi Melkiori akasema mzee kaenda Moshi na harudi karibuni, akaichukua kazi yeye tusikwame." Kisha akamgeukia Meku, akapinda goti. "Shikamoo mzee. Ndiyo wewe? Jamani! Ulirudi lini kutoka Moshi?"

Ua ulikuwa na kelele za watoto. Mimi sikuzisikia. Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa vinang'aa.

Meku hakunitazama. Alichukua muda kuinuka, akajipangusa goti.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nimerudi juzi juzi. Barabara ilikuwa na utelezi."

Bibi akamshika mkono, hakumwachia mpaka chakula kilipoletwa. Mimi nilipewa kiti karibu na mlango. Kila aliyepita alinishukuru.

Tulirudi kwa miguu mpaka Msimbazi, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika chini ya ngazi akafungua meza yake, akakaa, akavaa miwani.

"Sasa nieleze, Melkiori," akasema. "Huko Moshi nilikuwa nakula nini?"

Kwa miaka yote nimewachekesha watu ili wasifike kwenye ukweli. Leo yeye alinichekesha, na nilifika, nikamweleza yote.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imerudi. Meku yupo chini, nilimpelekea chai, akaipokea. Kasema sukari haitoshi. Ile karatasi moja kaniachia, ipo kwenye friji chini ya soda.

Nimerudia kusoma ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Ni uongo. Hakuna bahati iliyopanda ngazi kunitafuta. Scholastika aligonga akauliza, "Hapa ndipo kwa Mzee Elieshi?" nami nikamwambia amesafiri, na wakati nasema hivyo nilikuwa namsikia chini ya ngazi anakohoa.